Dodoso Mkononi, Daktari Mjini

Saa tatu usiku karibu na Plateau, kusini-mashariki mwa Eldoret, baridi ya nyanda za juu imeshaingia mpaka chumbani, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi amejifunika blanketi mbili akijaza dodoso kwenye simu. Mwalimu huyu hana jina kwa kuwa ametungwa kwa ajili ya sura hii. Dodoso halikutungwa. Swali mojawapo linataka aseme kama angeona heri kwenda maktaba kuliko kwenda kwenye sherehe. Anacheka peke yake. Maktaba ya umma iko Eldoret, safari ya matatu, na sherehe za huku mtu hachagui. Jirani akioza binti unakwenda, unakaa, unakunywa mursik uliyokaribishwa, unarudi jioni kichwa kikivuma kwa kelele za spika. Swali jingine linauliza kama ana mazoea ya kutazama namba za magari. Nani hapa asiyezitazama? Kijana wa stagi anazijua zote kwa kichwa, na jina lake lenyewe, manamba, limebeba namba ndani.

Akimaliza swali la 50, simu inamhesabia alama: 36. Chini yake pameandikwa kwamba 32 na kuendelea ni alama za watu wengi wenye usonji. Anazima taa lakini halali. Anakumbuka alivyokuwa akiziba masikio mkutanoni shuleni, alivyopanga vifuniko vya chupa kwa rangi wakati wenzake wakicheza kati, alivyojifunza kucheka kwa kumtazama dada yake ili ajue pa kucheka. Miaka 27 ameitwa mwenye maringo, mpole kupita kiasi, mtu wa kivyake. Sasa kuna neno moja linaloyakusanya yote. Kesho ana darasa la watoto 50 na wasimamizi wawili wa kuandikia ripoti. Je, ana haki ya kulichukua neno hilo kabla mtaalamu hajampa?

Dodoso lenyewe lilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 2001, mikononi mwa Simon Baron-Cohen na wenzake. Katika utafiti wao wa kwanza, watu wazima wanane katika kila kumi waliokwisha kubainika kuwa na usonji walipata alama 32 au zaidi, na katika watu wa kawaida ni wawili tu katika kila mia. Takwimu hizo zinapendeza, ndiyo maana dodoso limezagaa kila pembe. Lakini kuwatenganisha watu ambao tayari unajua ni akina nani ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni pale wote waliopanga foleni wana shaka ileile.

Kazi hiyo ngumu ilipimwa mwaka 2016. Watafiti wa Uingereza walichukua watu wazima 476 waliopelekwa kliniki moja kwa kushukiwa kuwa na usonji, wakalinganisha alama za dodoso na uamuzi wa madaktari baada ya tathmini kamili. Alama hazikuweza kutabiri nani angethibitishwa. Katika waliopata alama za chini, zile ambazo simu ingesema "huna neno", asilimia 64 walikuwa na usonji kweli. Upande wa pili, watu wenye wasiwasi sugu, ambao ni ugonjwa mwingine kabisa wenye tiba yake, alama zao zilipanda kana kwamba wana usonji. Kwa hiyo ile 36 ya mwalimu wetu haimwambii kwamba anao, na kama angepata 20 isingemwambia kwamba hana. Inamwambia jambo dogo zaidi: kuna kitu cha kuulizia.

Hapo mtu wa hospitali angeweza kufunga mjadala: basi, amwone daktari. Asifunge upesi. Ni vyema kwanza kuuliza daktari anatumia nini ambacho mwalimu hana.

Wakazi wa Plateau wanalijua jambo la kipimo vizuri. Upande wa Kaptagat, wanariadha hutoka alfajiri na saa ya mkononi ndiyo inayohukumu. Hakuna wa kukuambia unakimbia vizuri ikiwa saa inasema hapana. Malaria nayo imepata saa yake. Zamani mama mzazi alimgusa mtoto paji la uso, akasema "ni malaria", akatuma mtu dukani kununua dawa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeagiza kila anayeshukiwa apimwe kwanza, na kifaa kidogo cha tone la damu kikaonyesha kwamba homa nyingi zilizoitwa malaria hazikuwa malaria. Kujipima kwa kugusa paji kukashindwa na tone la damu.

Usonji hauna tone la damu. Hakuna picha ya ubongo, mkojo wala kipimo cha vinasaba kinachoutoa kwa jibu la ndiyo au hapana. Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto huko Baltimore, alipouandika mwaka 1943 kwa mara ya kwanza kama hali ya pekee, aliuandika kwa kuwatazama watoto 11 na kuwasikiliza wazazi wao. Miaka zaidi ya 80 baadaye, kiini cha kazi ni kilekile. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013, ambao uliunganisha majina ya zamani kama Asperger chini ya jina moja la wigo wa usonji, unadai mambo ambayo yote hupatikana kwa macho na masikio: ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu, tabia za kujirudia au mapenzi makali ya mambo machache au hisi zinazochomwa na sauti na mwanga, mwanzo wake uwe utotoni, na viwe vinamkwamisha mtu maishani. Mtaalamu ana michezo na mahojiano yaliyopangwa vizuri, na amefunzwa kuyatumia. Lakini kile anachokisoma ni maelezo ya mtu mwenyewe, ya mama yake, na mwenendo wa saa mbili tatu ndani ya chumba.

Hii ndiyo sababu swali la kujibaini ni gumu kwenye usonji kuliko kwenye malaria. Shahidi mkuu wa daktari ni yuleyule anayeambiwa hana uwezo wa kujua.

Tena historia haiko upande wa wataalamu peke yao. Lorna Wing, ambaye mwaka 1981 aliirudisha kazi ya daktari Asperger mbele ya wasomaji wa Kiingereza na kuupanua uelewa wa wigo wa usonji, alikuwa daktari wa akili, ndiyo, lakini pia alikuwa mama wa binti mwenye usonji. Mwaka 1962 alikuwa miongoni mwa wazazi walioanzisha chama cha usonji cha Uingereza. Nairobi mambo yalikwenda hivyohivyo: Autism Society of Kenya ilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na ikapata kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya msingi ya City, mtaa wa Ngara. Wazazi wengi wa kundi lile walikuwa wamezunguka kliniki kwa miaka, wakiambiwa mtoto atasema tu, subirini. Waliona kabla ya kuambiwa.

Na kwa nini wataalamu walichelewa? Sehemu ya jibu ni mahali walipotazama. Victor Lotter alichapisha mwaka 1978 matokeo ya ziara yake katika miji tisa ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Aliwatafuta watoto wenye usonji miongoni mwa watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili, wengi wakiwa kwenye vituo, akawapata tisa. Kwa muda mrefu baadaye watu walisema usonji ni nadra Afrika. Mtoto aliyekuwa akichunga ng'ombe Uasin Gishu huku akizijua alama za kila ng'ombe wa kijiji, ila hasemi na mtu, hakuwa kwenye kituo chochote. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja katika kila 127, na hakuna sababu ya kudhani nyanda za Plateau zimeruka hesabu hiyo.

Sasa turudi kwa mwalimu asubuhi ya Jumamosi. Anataka kupimwa. Aende wapi?

Nyumbani kwao hupita mhudumu wa afya ya jamii, mmoja wa wale 100,000 ambao serikali iliwazindua Septemba 2023 kwa begi jipya. Begi lina mashine ya kupima presha, ya kupima sukari, kipimajoto na mizani, na mhudumu ana simu ya kuingizia taarifa. Kwa hili halina kitu. Plateau ina hospitali ya misheni, na kazi yake kubwa ni kama ya hospitali yoyote ya mashambani: uzazi, homa, ajali, vidonda. Afisa wa afya akiambiwa "nadhani nina usonji" na mtu mzima aliyevaa koti safi na kuongea kwa ufasaha, huenda akauliza kama amekuja kumsemea mtoto. Hilo swali si la ujinga. Kila kitu alichofundishwa kuhusu usonji kilikuwa na picha ya mvulana wa miaka mitatu.

Kwa hiyo ni Eldoret, kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Hapo pana madaktari wa akili, pana chuo cha udaktari cha Moi, na tangu 2015 pana hospitali nzima ya watoto, Shoe4Africa. Kwa kanda ya magharibi ni bahati kubwa. Lakini njia zote zimetengenezwa kwa ajili ya mtoto. Vituo vya serikali vya kutathmini watoto kielimu, vilivyoanza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, vipo kwa ajili ya kumpangia mwanafunzi shule. Mradi wa NeuroDev, wa Kilifi na Cape Town, unachunguza watoto. Mahojiano ya wazazi yaitwayo 3Di, ambayo watafiti wa Kilifi wameyajaribu Pwani, ni ya watoto. Madaktari bingwa wa akili hawafiki elfu moja nchi nzima, na foleni yao imejaa watu waliokatisha dawa, waliojaribu kujiua, waliofungwa kamba na jamaa wakaletwa kwenye buti la teksi. Mbele ya foleni hiyo mwalimu anayefika kazini kila siku anaona haya kuketi.

Wala hata mwenye pasipoti ya Ulaya hajanusurika. Uingereza, iliko Cambridge yenyewe, zaidi ya watu 200,000 walikuwa wakisubiri tathmini ya usonji kufikia mwisho wa 2024.

Ni rahisi, basi, kumpa mwalimu neno lake na kumaliza. Wengi mitandaoni wamefanya hivyo, na wanasema kujitambua kunatosha. Hoja yao ina nguvu kwa wanawake hasa: waliobainika wanaume ni kama watatu kwa kila mwanamke mmoja, na sehemu ya pengo hilo ni kwamba wasichana hujifunza mapema kuuficha. Mwalimu wetu aliyejifunza kucheka kwa dada yake anaijua hiyo kazi. Tena, katika utafiti uliofanywa Pwani na kuchapishwa mwaka 2015, wazazi na hata wahudumu walitaja mapepo, uchawi na laana miongoni mwa sababu za usonji. Mahali ambapo jina mbadala ni laana, mtu akijiita mwenye usonji amejitoa shimoni, cheti kiwepo kisiwepo. Nani atamnyima?

Hapa sura hii inasita, kwa sababu ya Eldoret yenyewe.

Tarehe 1 Januari 2008, wiki ile ya machafuko baada ya uchaguzi, kanisa la Kiambaa nje ya mji lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu walilala kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret. Burnt Forest iliungua tena, kama ilivyoungua miaka ya 1990. Mtoto aliyekuwa na miaka minane au tisa wakati huo sasa ni mtu mzima wa umri wa mwalimu wetu. Anaweza kuwa anashtuka kwa mlio, anakwepa umati, anakaa karibu na mlango, hataki ratiba yake ibadilishwe, hatazami mtu usoni, anahisi yuko nyuma ya kioo. Mpe dodoso la simu na atajaza alama nyingi. Anachobeba kinaweza kuwa kidonda cha moyo, na kidonda hicho kina tiba ambayo usonji hauihitaji. Akijipa jina la usonji, ambalo ni la kuzaliwa nalo na la kudumu, ataacha kutafuta tiba hiyo.

Kidonda hicho hakiko peke yake. Masikio yasiyosikia vizuri tangu utotoni humfanya mtu aonekane hajali wanaomwita. Wasiwasi sugu umeshatajwa. Kuna hali ya kutotulia na kutokaza akili, ambayo mara nyingi huja pamoja na usonji na mara nyingine huja yenyewe. Daktari mzuri hana jicho la uchawi linalouona usonji. Thamani yake ni kwamba amekwisha kuona mambo kumi yanayofanana nao, na kazi yake ni kuyaondoa moja moja. Mtu aliye peke yake na simu hutafuta ushahidi wa lile jina moja alilokwisha kulipenda. Simu nayo humsaidia: watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichambua video 133 za TikTok zenye maelezo kuhusu usonji, na mwaka 2023 wakaripoti kwamba zilizokuwa sahihi ni asilimia 27 tu. Asilimia 41 zilikuwa na makosa, na zilizobaki zilichukua hali ya mtu mmoja zikawavisha wote.

Kuna pia ubishi wa maswali yenyewe. Dodoso la Cambridge linamchukulia mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo mtoto hutazamwa na kutazama. Mtoto aliyelelewa kwa adabu huku huinamisha macho mbele ya mkubwa. Mpaka maswali yapimwe kwa watu wazima wa hapa, si kutafsiriwa tu, alama 32 ni mpaka uliochorwa kwenye shamba la mtu mwingine.

Kuhusu karatasi, jibu halina utata. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu haitolewi kwa kujieleza. Inataka tathmini ya hospitali iliyoidhinishwa. Kadi hiyo ndiyo njia ya kuomba msamaha wa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Mtahiniwa anayetaka muda wa ziada kwenye mtihani wa taifa naye hupitia tathmini. Mwajiri, mahakama na bima hufuata njia hiyohiyo. Kujibaini hakupiti kwenye madirisha hayo, na ni sawa kusipite, maana kilicho nyuma yake ni fedha za wote.

Ajabu ni kwamba serikali hiyohiyo, ilipotaka kujua Wakenya wangapi wana ulemavu, haikumtuma daktari. Sensa ya 2019 iliuliza mlangoni: je, una shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujitunza, kuwasiliana? Jibu la aliyekuwa nyumbani likaandikwa, na kutoka hapo ikapatikana asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Neno la mtu lilitosha kupangia bajeti ya nchi. Usonji haukuwa na kisanduku chake.

Kwa hiyo mwalimu anaweza kusema nini kihalali? Anaweza kusema, "Nadhani nina usonji," na kuishi kwa dhana hiyo: aombe darasa lililo mbali na barabara, akae kwenye sherehe kwa saa moja badala ya sita, awaambie dada na mume kwa nini anachoka. Hakuna kati ya hayo kinachohitaji muhuri, na hakuna kitakachomdhuru dhana ikiwa si kweli. Asichoweza kusema kihalali ni, "Nina usonji, kwa hiyo nisipimwe kitu kingine," wala kumpa mtoto wa mwenziwe jina hilo baada ya video mbili. Kujitambua ni ushahidi, na ushahidi hupelekwa mahali. Ikiwa mahali hapo hapapo, lawama si yake: ni juu ya kaunti na wizara kuifanya kliniki ya watu wazima wenye shaka hii ipatikane Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 2024 na wenye chuo cha udaktari.

Jambo moja linaweza kufanyika kabla ya kliniki, na halihitaji nauli. Tathmini yoyote ya mtu mzima itauliza alianza lini kusema, kama alionyesha vitu kwa kidole, alicheza na nani, alilia kwa nini. Majibu hayo hayako kwenye simu. Vijitabu vya kliniki vya siku hizi vina ukurasa wa hatua za ukuaji wa mtoto, lakini vya mwaka 1998 vingi vilishaliwa na mchwa, na kilichobaki kiko kichwani mwa mama, shangazi au nyanya. Msomaji mwenye shaka kama ya mwalimu huyu na aanze hapo, pamoja na kupimwa masikio: Desemba akienda nyumbani amkalishe aliyemlea, amuulize, na ayaandike kwenye daftari kwa maneno yaleyale anayoyasikia, angali yupo wa kuulizwa.